Kipimo Kikae kwenye Uso Wake: Maelezo ya Utengenezaji Ndani ya Modeli ya 3D

Ndugu mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mafundi wa karakana, walimu wa vyuo vya ufundi, na wanafunzi mlioketi huko nyuma: asanteni kwa kuja.

Hapa mezani kuna kipande kimoja tu, na mazungumzo yote ya leo yatakizunguka. Ni hausingi ya beringi 6205. Hakuna fundi humu ndani asiyeijua 6205: tundu la ndani milimita 25, kipenyo cha nje 52, upana 15. Imo kwenye mota za umeme, kwenye pampu za maji, kwenye mashine za kusaga nafaka. Hausingi yenyewe ni ya aluminiamu. Ina uso bapa unaokaa kwenye fremu, tundu kubwa la kukalia beringi, matundu manne ya bolti za M10, na tundu dogo lenye nyuzi ambamo hufungwa nipeli ya grisi. Basi. Mtu akiiona modeli yake kwenye skrini, akaizungusha huku na huku, ataona kazi imekwisha, iliyobaki ni kukata chuma.

Lakini modeli ile ikiwa umbo tupu, yako mengi isiyoyajua. Inajua tundu ni 52.000, haijui linaruhusiwa kuzidi au kupungua kiasi gani. Haijui uso upi uwe laini na upi uachwe na ukwaru wake. Haijui kama tundu dogo lina nyuzi au halina. Haijui hata aluminiamu yenyewe ni ya aina gani.

Mambo hayo tumezoea kuyaandika kwenye mchoro wa karatasi, siku hizi PDF. Kwa hiyo kazi moja inatembea na nyaraka mbili: modeli inabeba umbo, mchoro unabeba masharti. Anayeandaa programu ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, anafungua modeli skrini hii na mchoro skrini ile, anasoma kwa macho, anaandika upya kwa vidole. Mkaguzi naye anafanya hivyo hivyo. Anayetengeneza jigi naye hivyo hivyo. Kipimo kimoja kimenakiliwa mara tatu kabla chipu ya kwanza haijadondoka, na kila kunakili ni nafasi ya 52 H7 kugeuka 52 H8. Hakuna atakayeshtuka, kwa sababu H8 nayo ni kipimo halali. Tofauti yake ni kwamba H7 inaruhusu tundu kuzidi kwa milimita 0.030, na H8 inaruhusu 0.046. Beringi itaingia, itazunguka, kisha baada ya muda itaanza kutambaa ndani ya hausingi yake na kuila.

Njia ya kuondokana na hilo ni kuyaingiza masharti hayo ndani ya modeli yenyewe. Kwenye menyu za programu mtayaona yakiitwa PMI, kifupi cha Product and Manufacturing Information. Wenzetu Marekani waliliwekea kiwango mwaka 2003, ASME Y14.41. Shirika la ISO likafuata mwaka 2006 na ISO 16792. Faili la kubadilishana la STEP, yaani ISO 10303, likapata mwaka 2014 sehemu inayoitwa AP242, iliyotungwa ili umbo na masharti vitembee pamoja kutoka programu moja hadi nyingine. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la kesho. Viwango vipo, programu zipo, na bado modeli nyingi zinazofika karakana hazina kitu ndani, au zina kitu kisichosaidia. Hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, na ndilo nitakalokaa nalo.

Kuna namna mbili za kuweka 52 H7 kwenye modeli. Ya kwanza ni kuichora. Maneno yanaonekana yakielea karibu na tundu, yana mshale, yana rangi, na mtu mwenye macho anayasoma vizuri kabisa. Lakini kwa kompyuta ile ni mistari tu, sawa na kuandika kwa chaki ubavuni mwa hausingi. Ya pili ni kuisema. Hapo faili linabeba taarifa kwamba uso huu wa mcheduara una kipimo cha kipenyo, thamani yake 52, kikomo cha chini 0, kikomo cha juu 0.030, na taarifa hiyo imefungwa kwenye uso huo na si mwingine. Mashine inaweza kuisoma, kuipigia hesabu, kuilinganisha na matokeo ya kupima.

Kwenye skrini namna hizi mbili zinafanana kama mapacha. Ndipo watu wanapodanganyika. Kampuni inalipia programu, msanifu anatumia siku nzima kubandika maelezo, faili linatumwa, na mwisho wa safari mtu anasoma kwa macho na kuandika upya kwa vidole. Wametoka kwenye karatasi wakaingia kwenye karatasi ya pande tatu.

Kupambanua si kazi ngumu, na hakuhitaji programu ya bei. Jaribio la haraka: bofya maelezo ya kipimo. Uso husika ukiwaka rangi, kuna kifungo. Usipowaka, una picha. Jaribio la uhakika zaidi: faili la STEP ni maandishi. Lifungue kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi, hata ile ya bure iliyokuja na kompyuta. Mstari wa kwanza utasoma ISO-10303-21. Shuka kidogo utafute FILE_SCHEMA. Ukikuta CONFIG_CONTROL_DESIGN, hilo ni AP203 la zamani. Ukikuta AUTOMOTIVE_DESIGN, ni AP214. Ukikuta neno linaloanza na AP242, uko mahali sahihi. Sasa tafuta DIMENSIONAL_SIZE, tafuta GEOMETRIC_TOLERANCE, tafuta DATUM. Yakiwepo, faili lina maana ndani yake. Ukikosa hayo yote na ukakuta tu maneno yenye ANNOTATION, umetumiwa picha. Kwa kazi kubwa zaidi, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, inatoa bure programu inayochambua faili la STEP na kukuorodheshea kwenye jedwali kila toleransi iliyomo, yaani kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua. Taasisi hiyo imetoa pia modeli za majaribio ambazo yeyote anaweza kuzitumia kupima programu yake inasafirisha nini na inapoteza nini. Walimu wa vyuo, hizo ni zana za darasani zisizo na gharama.

Tuirudie hausingi yetu, tuivishe maelezo hatua kwa hatua.

Kabla ya kipimo chochote, tangaza kiwango unachofuata. Wengi huona ni urasimu, lakini hapa ndipo kipande kinapoweza kukataliwa na mmoja na kukubaliwa na mwingine wote wakiwa na haki. Chukueni shafti ya 25 yenye urefu wa 300. Kwa ASME Y14.5, toleransi ya kipenyo inabana na umbo pia: shafti ikifikia kipenyo chake kikubwa kabisa kinachoruhusiwa, lazima iwe imenyooka. Kwa ISO 8015, kila sharti linajitegemea. Maikromita ikikubali kila mahali unapobana, shafti imefaulu kwa kipenyo hata kama imepinda kama ndizi, mpaka uandike sharti la kunyooka au uweke ile alama ya E ndani ya duara. Modeli isiyosema inafuata kipi imeacha mlango wazi. Andika kiwango na mwaka wake, kwa sababu matoleo yanabadilika. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ni wanachama wa ISO. Ndipo pa kuulizia.

Halafu weka datamu, yaani nyuso ambazo vipimo vingine vyote vitaanzia. Swali la kujiuliza: kipande hiki kikifungwa mahali pake, kinakalia wapi kwanza? Hausingi inakalia uso wake bapa. Huo ndio A. Kisha kinachotawala ni tundu la beringi, kwa kuwa shafti ndiyo sababu ya kipande kuwepo. Hilo ndilo B. Kundi la matundu manne likawe C, kwa ajili ya kujua nipeli ya grisi itazame upande gani. Hapa kuna kosa la kila siku: datamu B inafungwa kwenye mstari wa katikati uliochorwa kama msaada wakati wa kusanifu. Mstari huo hauguswi na kidole cha mashine ya kupimia. Funga datamu kwenye uso wa tundu lenyewe, mashine itajitafutia mhimili wake.

Tundu la beringi sasa. Kipenyo 52 H7, na liwe wima kwa A ndani ya 0.02, ukwaru Ra 1.6. Pete ya nje ya 6205 ya daraja la kawaida ina kipenyo cha 52 ambacho kinaweza kupungua hadi 0.013. Kwa hiyo nafasi kati ya beringi na hausingi itakuwa kuanzia sifuri hadi 0.043. Hizo ndizo hesabu zilizomfanya msanifu achague H7.

Lakini modeli imechorwa 52.000 kamili, na 52.000 ndiyo ncha ya chini ya ruhusa. Programu ya kuandaa njia za kisu inafuata umbo. Ukiielekeza mashine kwenye 52.000, na kila mashine ina mtawanyiko wake wa kawaida, karibu nusu ya vipande vitatoka vidogo. Lengo linatakiwa liwe 52.015, katikati ya ruhusa. Fundi mzoefu wa CNC hulijua hili na husahihisha kwa mkono kwenye ofseti ya kisu. Fundi mgeni hajui. Toleransi ikiwa imesemwa ndani ya modeli, programu inaweza kusoma 0 na 0.030 na kulenga katikati yenyewe. Ikiwa imechorwa tu, itafuata umbo, na sanduku la vipande vibovu litajaa kabla ya chai ya saa nne. Kuna wasanifu wanaochora modeli kwenye katikati ya ruhusa tangu mwanzo, 52.015. Siwapingi, mradi waseme hivyo wazi kwenye modeli, na mradi kampuni nzima ifuate njia moja. Balaa ni mchanganyiko: modeli imechorwa katikati, fundi anadhani imechorwa kwenye 52, anasahihisha mara ya pili.

Matundu manne ya bolti ni pahali pazuri pa kuona kwa nini tunaacha vipimo vya kuongeza na kutoa. Mazoea ni kuandika umbali wa tundu kutoka ukingo huu na ule, kila mmoja jumlisha au toa 0.1. Hiyo inaumba kisanduku cha mraba, 0.2 kwa 0.2, ambamo katikati ya tundu inaruhusiwa kuwepo. Pima kutoka katikati ya kisanduku hadi kona: 0.141. Sasa, bolti haijui kona. Kama kukosea kwa 0.141 kuelekea konani hakuzuii bolti kuingia, basi hakuzuii upande wowote. Duara linalozunguka kisanduku hicho lina kipenyo cha 0.283, na eneo lake ni kubwa kuliko la mraba kwa asilimia 57. Vipande vyote vinavyoangukia kwenye tofauti hiyo ni vizima, na tunavitupa. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuliona hili ni Stanley Parker, katika kiwanda cha torpido kule Alexandria, Uskoti, mwishoni mwa miaka ya 1930.

Kwa hausingi yetu, fremu ina matundu ya nyuzi ya M10, na hausingi ina matundu ya 11 yanayoruhusiwa kufika 11.2. Nafasi ndogo kabisa kati ya bolti na tundu ni 1.0. Igaweni: 0.5 iende kwa hausingi, 0.5 kwa fremu. Kwa hiyo toleransi ya mahali ni kipenyo 0.5 kwa kufuata A na B, pamoja na alama ya M ndani ya duara, kwa sababu tundu likitoka kubwa zaidi, 11.2, lina haki ya kukosea mahali kwa 0.7 bila bolti kukwama. Haya yote ni tarakimu na alama chache, na yakisemwa vizuri ndani ya modeli, mashine ya kupimia inajumlisha hiyo ziada yenyewe kwa kila tundu.

Na hapa ndipo penye mtego mbaya kuliko yote niliyoyataja. Msanifu anaandika 4×, anafunga maelezo kwenye tundu moja, anaendelea. Mtu akisoma anaelewa ni yote manne. Mashine haisomi hivyo. Inaona tundu moja lenye toleransi na matatu yasiyo na chochote. Programu ya kupima itatengenezwa kwa tundu moja, ripoti itatoka ya kijani, na matatu hayakuguswa. Kila tundu lichaguliwe, yote manne yawe ndani ya kifungo kimoja. Ukibofya maelezo, matundu yote manne yawake. Wakaguzi, msisaini modeli kabla ya kufanya bofyo hilo.

Ndugu wa mtego huo ni mcheduara uliopasuliwa. Baadhi ya programu zinapotoa faili la STEP hukata tundu moja kuwa nyuso mbili, nusu na nusu. Kipimo kikifungwa kwenye nusu moja, kidole cha mashine kitagusa nusu moja, na kukadiria duara zima kutokana na tao la nusu huongeza makosa ya kipenyo na ya mahali pa katikati. Ukikuta vipimo vya tundu havitulii, kipande kilekile kinapimwa mara mbili na majibu hayafanani, kabla ya kulaumu mashine fungua modeli uangalie tundu lina nyuso ngapi.

Tundu la nipeli. Programu nyingi hazichongi nyuzi kwenye modeli, zinaweka tundu la mviringo lililobandikwa picha ya nyuzi, ili faili lisiwe zito. Ukisafirisha, picha inadondoka njiani na tundu linabaki wazi. Fundi analipima: 7.0. Nipeli ya M8 yenye hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1 huchimbwa kwa biti ya 7.0. Bolti ya kawaida ya M8 ina hatua ya 1.25 na huchimbwa kwa 6.8. Karakana yenye haraka itapitisha tepu iliyo karibu, ambayo karibu kila mahali ni ya 1.25, itaingia bila shida, na nyuzi zitaonekana safi. Siku ya kufunga nipeli ya M8 kwa 1, itazunguka raundi moja na kugoma. Hausingi nzima, yenye tundu la beringi lililopatikana kwa jasho, imeharibika kwa kukosa maandishi ya M8×1. Maelezo ya nyuzi yasibaki kwenye jina la hatua ya usanifu ndani ya programu yako. Yatoke kama maelezo ya utengenezaji, yafungwe kwenye uso wa tundu, pamoja na kina cha kuchimba na kina cha nyuzi.

Vilivyobaki kwenye hausingi havihitaji kila kimoja kipimo chake. Umbo lenyewe ndilo kipimo. Mashine inaweza kuuliza modeli umbali wowote. Ukijaza kila kona maandishi, skrini inakuwa kichaka na lililo muhimu linapotea. Weka toleransi moja ya jumla kwa nyuso zote zisizotajwa, nayo iwe toleransi ya umbo la uso kwa kufuata datamu zako, kama ISO 22081 ya mwaka 2021 inavyoelekeza. Msiandike sentensi ya jumla mkaiacha ikielea pembeni kama ilivyokuwa kwenye jedwali la mchoro. Aina ya aluminiamu, hali yake ya kutibiwa kwa joto, na rangi au mipako, hivyo viwe sifa za kipande kizima.

Hewa ya karakana zetu inadai neno moja. Vipimo vyote vya ISO vinahesabiwa kwa nyuzijoto 20. Karakana ya Dar es Salaam au Mombasa mchana ina 32 bila kujikaza. Aluminiamu hutanuka takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi. Tundu la 52 kwa nyuzi 12 za ziada linakua kwa 0.014, karibu nusu ya ruhusa yote ya H7. Ukipima kwa geji ya chuma iliyo kwenye joto hilohilo, chuma nacho kimetanuka karibu nusu ya hapo, kwa hiyo kosa linabaki kama 0.007. Si dogo. Andikeni kwenye modeli kwamba upimaji ni wa nyuzi 20 au usahihishwe, na mkaguzi aandike joto la kipande kwenye ripoti yake, la kipande, sio la chumba. Kilichotoka mashineni sasa hivi kina joto lake.

Ukimaliza kuvisha, panga mitazamo. Mmoja wa kuonyesha datamu na tundu la beringi, mmoja wa matundu ya bolti, mmoja wa nyuzi. Kila mtazamo uwe na maelezo machache, yamelala sambamba na uso yanaouzungumzia, yasomeke bila kuinamisha shingo.

Kisha hakikisha, na hapa nawaomba msione uvivu. Toa faili la STEP AP242, lifunge, lifungue upya kwenye programu nyingine tofauti na iliyolizaa. Linganisha ujazo, eneo la nyuso, na mahali pa kitovu cha uzito. Viwango vya AP242 vina nafasi maalumu ya kubeba namba hizo ili mpokeaji azilinganishe. Hesabu maelezo: yalikuwa 14, yawe 14. Angalia kizio cha urefu, milimita au inchi. Angalia kama kuna mahali mtu ameandika kipimo kwa mkono juu ya kipimo halisi, kwa mfano umbo lina 48.5 na maandishi yanasema 48. Kwenye mchoro wa karatasi hila hiyo ilipita. Kwenye modeli, mashine itakata 48.5 na mkaguzi ataisoma 48, na wote wawili watakuwa wametii.

Mwaka 2006 Airbus ilipotangaza kuchelewa kwa ndege ya A380, sababu mojawapo iliyowekwa hadharani ilikuwa nyaya. Timu ya Hamburg na ya Toulouse zilitumia matoleo mawili ya programu moja, CATIA la nne na la tano. Taarifa hazikuvuka sawasawa kati yake, na mafungu ya nyaya yakafika kwenye ndege yakiwa mafupi. Ilikuwa kampuni moja, programu ya jina moja. Karakana inayopokea faili kutoka kwa mteja asiyejulikana ana toleo gani ina sababu kubwa zaidi ya kuhakikisha.

Najua swali linalokuja: na karakana isiyo na mashine ya kupimia wala programu ya kusoma AP242? Tuseme ukweli. Ukiletewa bushi iliyosagika, moja tu, ya kurudisha pampu kazini jioni, pima kwa vania, chora kwa mkono, kereza. Modeli yenye maelezo ni ya kipande kitakachotengenezwa tena na tena, au na watu tofauti, au kitakachopimwa na mteja. Kwa mpokeaji asiye na programu, toa mchoro wa PDF kutoka kwenye modeli hiyohiyo, usiuchore upya pembeni, na andika juu yake kwamba vikitofautiana, modeli ndiyo inayotawala. Neno hilo liwe pia kwenye oda ya kazi. Nyaraka mbili zinaweza kuishi pamoja, ilimradi mkubwa ni mmoja na anajulikana.

Na wakuu wa idara mlioko hapa, lieleweni hili: mzigo unaongezeka kwa msanifu, nafuu inamwendea mwingine. Anayevisha modeli atatumia muda mrefu zaidi, hasa vipande vya kwanza, na hataonja faida yake. Ataionja mwandaa programu, mkaguzi na mnunuzi. Mkimpima msanifu kwa idadi ya modeli anazotoa kwa wiki, atarudi kwenye picha zinazoelea. Mpimeni kwa maswali yanayorudi kutoka karakana.

Matokeo ya kupima yana njia yao ya kurudi. Kuna kiwango kinachoitwa QIF, ISO 23952 ya mwaka 2020, ambacho kinaandika kilichopimwa na kukifunga kwenye uso uleule uliokuwa na toleransi. Mali bila daftari huisha bila habari. Ukipima hausingi 200 na matokeo yakabaki kwenye karatasi za mafuta, hutajua kama matundu ya 52 yanasogea polepole kuelekea juu kwa sababu kisu kinaisha. Yakirudi kwenye modeli, yanaonekana kwa mstari mmoja.

Faili la hausingi hii liko kwenye kompyuta ile pale ukutani, kwa matoleo mawili: moja limechorwa, moja limesemwa. Majina nimeyafuta. Wakati wa chai yafungueni kwa kihariri cha maandishi, mtafute DIMENSIONAL_SIZE, mniambie lipi ni lipi. Na kwenye lile lililosemwa nimeacha kosa moja kati ya haya niliyoyataja. Anzeni na matundu ya bolti.